Uma wa Feleji

Jioni moja ya kaskazi, chini ya mwembe wa Ngamiani, mjini Tanga, ambako fundi mmoja mzee amekuwa akifungua na kufunga baiskeli za watu tangu mimi sijajua kusimama, nilikabidhiwa uma wa mbele wa baiskeli ya marehemu mjomba wangu ukiwa vipande viwili; na kwa kuwa nilikwenda pale na dhana ya mtu aliyezoea kalamu, kwamba uma ni uma, na kwamba palipouzwa mmoja hapakosi kuuzwa wa pili, nilimwomba anitajie bei tu ili niende dukani nikanunue mwingine. Hakunijibu. Alikitwaa kipande cha juu, yaani lile shina liingialo katika shingo ya fremu na kusitirika humo maisha yake yote, akakifuta grisi kwa tambara, akakielekeza kwenye jua lililokuwa linakuchwa, akanionyesha mistari ya hesi iliyokizunguka mwishoni, myembamba kama mishono ya kofia, akasema, "Zihesabu hizi kwanza, bwana. Ukishazihesabu ndipo tutakapozungumza habari ya duka."

Nilizihesabu kwa ncha ya wembe juu ya rula. Katika nusu inchi zilikuwa 13, ambazo katika inchi nzima ni 26. Na mzee, aliyejua jawabu kabla sijaanza, alitikisa kichwa kama mtu aliyetajiwa jina la ukoo uliokwisha. "Ingekuwa 24," alisema, "ungerudi kesho na uma. Kwa hii 26 utarudi Mungu akijaalia." Maneno hayo ndiyo yaliyonitia katika taftishi ya jambo ambalo sikudhani lina tarehe yoyote, maana wengi wetu huamini kwamba historia hukaa katika magofu na makaburi na nyaraka za masultani, wala hatudhani kuwa yaweza kukaa katika bomba la inchi 1 chini ya usukani, imepakwa grisi.

Uma wenyewe una umri mkubwa kuliko baiskeli kama tuijuavyo. Karl Drais, alipoendesha chombo chake cha mbao cha magurudumu mawili huko Mannheim mwaka 1817, tayari alikuwa ameishika siri ambayo haikubadilika hata leo, kwamba gurudumu la mbele likiweza kugeuzwa kwa mkono, mpandaji anayeelemea upande mmoja hulipeleka upande huohuo likamdaka kabla hajafika chini. Mbao ikafuatwa na chuma katika karakana za Paris za miaka ya 1860, na chuma kizito kikafuatwa na mabomba yenye uwazi ndani. Kisha mwaka 1885 John Kemp Starley wa Coventry akatoa Rover, baiskeli ya magurudumu yaliyokaribiana kwa ukubwa, ambayo mnyororo wake uliendesha gurudumu la nyuma, na kwa hiyo uma wa mbele ukaondolewa taabu ya pedeli ukaachiwa kazi mbili tu, kuongoza na kubeba. Ni kazi mbili zisizopatana. Kiongozi hutakiwa awe mwepesi na mpole, mchukuzi hutakiwa awe mgumu. Na chuma ambacho kingeweza kuzitimiza zote mbili bila kuvunjika ghafula kilikuwa ni chuma cha pua peke yake. Wazee wetu wa pwani walikuwa na neno feleji kwa chuma bora cha kufulia panga, na sioni kwa nini nisilitumie kwa uma, ambao hukutana na mashimo mengi kuliko upanga wowote ulivyopata kukutana na maadui.

Fadhila ya feleji ni kwamba huonya. Ikipigwa kupita nguvu yake hujipinda kwanza, na aliyejipinda aweza kunyoshwa, ikiwa haikuwa mara nyingi wala si kwa pembe kali. Mwaka 1897 Alfred Reynolds wa Birmingham, wa nyumba iliyokuwa ikitengeneza misumari, alipata hataza ya bomba ambalo ukuta wake ni mnene penye miungo na mwembamba katikati, na kutoka nyumba hiyohiyo mwaka 1935 ikatoka feleji iliyoitwa 531, yenye manganizi na molibidenamu, ambayo washindani wa mbio waliipenda kwa wepesi wake. Lakini hayo yalikuwa mambo ya wapanda baiskeli waliokimbia bila mzigo. Uma wa mjomba wangu ulikuwa wa feleji ya kawaida, mzito, mnene, uliolehemiwa kwa shaba ya manjano, na aliyeutengeneza alijua kwamba utakwenda katika nchi ambazo baiskeli hubeba mke, mtoto na gunia kwa safari moja.

Ulitoka Nottingham. Mwishoni mwa miaka ya 1880 Frank Bowden, Mwingereza aliyechuma mali yake Hong Kong na kuipoteza afya yake hukohuko, alishauriwa na tabibu afanye zoezi la kuendesha baiskeli. Akapona, na kwa shukurani ya namna ambayo wafanyabiashara peke yao huijua akainunua karakana ndogo ya Raleigh Street, iliyokuwa ikitoa baiskeli 3 kwa juma, ikawa mwaka 1888 kampuni ya Raleigh. Kwa kadiri kiwanda kilivyokua kilijivunia kuwa baiskeli yake ni ya feleji tupu, isiyo na viungo vya chuma cha kumimina katika kalibu, na maneno hayo yakawa ndiyo nembo ya biashara yake pamoja na kichwa cha korongo kinachotazama mbele kutoka shingoni mwa fremu. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kilitoa takriban baiskeli milioni 1 kwa mwaka, na sehemu kubwa zilipakiwa melini. Humber, yule wa uma wa miguu minne, miwili kila upande, ambaye wazee wa Tanga humtaja mpaka leo kwa heshima kama watu wamtajavyo kadhi aliyepita, alikuwa amekwisha kuingia katika milki hiyo tangu 1932.

Sasa turejee kwenye hesi. Kabla ya Joseph Whitworth kupendekeza mwaka 1841 kwamba parafujo zote za Uingereza zikatwe kwa kanuni moja, kila karakana ilikata hesi zake kwa mizani ya moyo wake, na nati ya mtaa huu haikuingia katika bolti ya mtaa wa pili. Kanuni ya Whitworth iliwafaa watu wa reli na wa mashine kubwa, lakini ilikuwa nene mno kwa mabomba membamba ya baiskeli. Kwa hiyo wahandisi wa baiskeli wa Uingereza, mwanzoni mwa karne ya 20, walijitungia kanuni yao, ambamo sehemu nyingi zilipewa hesi 26 kwa inchi, ila shina la uma la inchi 1 likapewa 24. Wafaransa nao, kwa kuwa hawakubali inchi hata katika ndoto, wakashika milimita 25 kwa kipenyo na milimita 1 kwa kila hesi. Raleigh ikabaki na 26 katika shina la uma, na 26 katika kikombe cha pedeli, miongo kwa miongo, wakati majirani zake walio wengi walifuata 24.

Kuna wasemao kuwa ilikuwa hila, ili mteja aliyefungwa kwa hesi asiweze kufunguka. Mimi sioni kwamba hila ilihitajiwa. Nyumba kubwa iliyokwisha kununua mashine za kukatia hesi za aina moja, na kufundisha mamia ya wafanyakazi, na kutuma vipuri mpaka Singapore na Mombasa, haina haja ya kuwa na nia mbaya ili ikatae kubadilika; uzito wake wenyewe watosha. Wala mteja hakuona taksiri yoyote, kwa muda wote ambao nyumba ilikuwa hai.

Na katika Tanga ya wakati ule ilikuwa hai sana. Bei ya mkonge ilipopanda juu ajabu mwaka 1950 na 1951, kwa sababu ya vita vya Korea, fedha ilishuka kutoka mashamba mpaka mjini, na katika maduka ya Wahindi baiskeli nyeusi zilining'inizwa darini kwa kulabu, magurudumu yakiwa bado yamefungwa karatasi, kwa ajili ya makarani, manyapara, waalimu na wakulima waliokuja na noti zilizokunjwa katika pembe ya shuka. Usukuma pamba ilifanya vivyo hivyo, na Uhaya kahawa. Mjomba wangu, aliyekuwa karani wa shamba la mkonge, aliinunua yake akiwa kijana, na aliipenda kuliko alivyotuonyesha kuwa anatupenda sisi. Tarehe ya kuzaliwa kwa baiskeli hiyo naijua, si kwa kuambiwa, bali kwa kuisoma: katika kitovu cha gurudumu la nyuma, kile chenye gia tatu ndani yake, pamegongwa herufi AW na nambari 54 na 3, kwa desturi ya watengenezaji wake, Sturmey-Archer, ya kupiga mwaka na mwezi, maana yake Machi 1954. Uma ulivunjika katika njia ya Tongoni, na nazi za watu zikatawanyika barabarani. Lakini fundi alinionyesha kuwa kuvunjika kulianza zamani, kwa kuwa kovu la mvunjo, lililokuwa juu kidogo tu ya taji, lilikuwa jeusi robo tatu na jeupe robo moja. Maji ya mvua yalishuka ndani ya shina mwaka baada ya mwaka, kutu ikala kimya, na shimo la Tongoni lilikuwa ni shahidi tu aliyefika mwishoni.

Sikumsikiliza mzee. Asubuhi yake nilikwenda dukani, nikamwambia muuzaji nataka uma wa baiskeli kubwa, akaniuliza, "Namba 28?" nikasema ndiyo, akanipa uma mweusi unaong'aa uliofungwa nailoni, akanihakikishia kuwa 28 ni 28 dunia nzima. Niliporudi nao chini ya mwembe mzee hakucheka. Alinipa nati ya zamani, akaniambia niifunge mimi mwenyewe. Iliingia mizunguko miwili kwa adabu, wa tatu kwa manung'uniko, na wa nne ikagoma, kwa sababu tofauti ya hesi 24 na 26, ingawa haifiki sehemu 1 ya 10 ya milimita kwa mzunguko mmoja, hujikusanya kama deni la dukani. "Hiyo si kitu," alisema. "Ukitaka tunaoza ukoo mzima: uma mpya na vikombe vyake, gololi zake na nati zake. Tatizo si hilo."

Tatizo la kwanza lilikuwa urefu. Jina 28 limepewa magurudumu mawili yasiyo ndugu: lile la baiskeli za kale za breki za vyuma, ambalo rimu yake ni milimita 635 pale tairi linapokaa, na lile la baiskeli nyepesi za siku hizi, ambalo ni 622. Jina 26 ni bovu zaidi, maana limebeba 590 na 584 na 559, na mnunuzi hana wa kumlaumu. Uma wangu mpya ulitengenezwa kwa 622. Gurudumu la mjomba lilipopachikwa, tairi liligusa chini ya taji, na lilipozungushwa likatoa sauti ya mtu anayekwaruza sufuria. Miguu ya uma huo nayo ilikuwa wazi milimita 100 kwa ajili ya kitovu kipana, hali kitovu cha Nottingham kilitaka kama 91 tu, ijapokuwa katika hili feleji ina msamaha wake, kwa kuwa hukubali kubanwa au kupanuliwa kidogo kwa mkono wa mtu mwenye subira, jambo ambalo aluminiamu haitamvumilia mtu yeyote.

Tatizo la pili ndilo lililonifundisha zaidi. Mzee alizilaza nyuma zote mbili juu ya mkeka, ule uliovunjika akiwa ameuunganisha kwa kijiti kilichochomekwa ndani ya shina, akachukua uzi wa kushonea magunia, akaunyosha katikati ya shina la kila uma, akauendeleza mpaka ukapita kando ya ncha za chini, penye mapengo ya kupokelea ekseli. Katika uma wa zamani ncha zilikuwa zimeukimbia uzi kwa karibu inchi 3, kwa mkunjo mpana, wa taratibu, kama shingo ya yule korongo. Katika uma mpya hazikufika inchi 2. Nikamuuliza kama ni pambo. Akaniambia nisimame mbele ya fremu nitazame shingo yake ilivyolala.

Fremu za zamani shingo zao hulala nyuma sana, kiasi cha digrii 67 hivi kutoka ardhini, ambapo za mbio husimama 73. Ukiufuata mstari wa shingo mpaka chini, utaigusa ardhi mbele ya pale tairi linapoigusa, na masafa yaliyopo baina ya nukta hizo mbili ndiyo yanayolifanya gurudumu lifuate njia lenyewe, kama ndama amfuatavyo mama bila kamba. Masafa yakiwa machache, baiskeli huwa na wahaka, kila upepo huigeuza. Yakiwa mengi, huwa nzito ya kuongoka, na mpandaji anapokwenda polepole na mzigo mbele, gurudumu humwangukia upande kama mlevi. Mkunjo wa uma ndio unaoyapunguza masafa hayo, na kadiri shingo inavyolala ndivyo mkunjo unavyotakiwa uwe mkubwa. Kwa hiyo uma wa mkunjo mdogo katika shingo iliyolala ni sawa na kumpa mzee viatu vya mchezaji mpira, vinavyoingia mguuni lakini havimfikishi sokoni. Watengenezaji wa Nottingham hawakuukunja uma kwa ajili ya uzuri, ingawa uzuri ulikuja wenyewe. Waliukunja kwa sababu walikuwa wakimtengenezea baiskeli mtu anayekwenda mwendo wa polepole, juu ya barabara mbovu, akiwa ameketi wima anaamkia watu. Hapo ndipo nilipokoma kuuita uma wangu mpya kuwa ni mzuri.

Nilimuuliza mzee walifanyaje katika ile miaka ambayo hapakuwa na uma wowote, wa 24 wala wa 26. Kwa maana baada ya vita vya Kagera, vya 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika Tanzania hata tairi la baiskeli likawa mahari, na mnamo 1983, ilipopigwa vita ya wahujumu uchumi, aliyekuwa na vipuri darini alivificha kama dhambi. Alinijibu kuwa walizipasua maiti: kila baiskeli iliyokufa iligawanywa kama ng'ombe wa sadaka, na uma ulikuwa ndio fungu la kwanza kuombwa. Pasipokuwa na maiti, mhunzi aliunda uma kwa bomba la maji. Yeye mwenyewe alishiriki katika kuunda nyuma tatu za namna hiyo, na za kwanza mbili, alikiri bila kuficha, zilijikunja kama wali uliozidi maji, kwa sababu bomba la maji limeumbwa kusukumwa na maji kutoka ndani, si kuvutwa na breki kutoka nyuma. Kisha biashara ikafunguliwa kuanzia 1984, na zama za Rais Mwinyi, aliyeitwa Mzee Ruksa, zikaleta baiskeli za China na za India kwa wingi, Phoenix na Hero na nyinginezo, ambazo zilifanana na za Nottingham kwa umbo kama mjukuu amfananiavyo babu, na kwa ajili yazo njaa ikakoma. Nottingham kwenyewe kazi ya kuunganisha baiskeli ilikoma mwaka 2002. Tangu hapo hesi 26 hazina nyumbani. Kila shina lenye hesi hizo lililobaki duniani limebaki kuwa yatima anayetafutwa na yatima mwenzake.

Yatima wetu alipatikana Pangani baada ya miezi mitano, katika banda la kuku, akiwa bado ameshika fremu ambayo ilikuwa imekatika nyuma. Uma wenyewe ulikuwa wa kijani. Mzee hakuugusa kwanza uma bali fremu: alipitisha kidole chini ya bomba lishukalo, nyuma kidogo ya shingo, akitafuta kunyanzi la rangi, kwa maana baiskeli iliyogonga kwa mbele huacha dalili hiyo hata ikipakwa rangi mara tatu. Hapakuwa na kunyanzi. Ndipo akaufungua, akazihesabu gololi kadiri zilivyoangukia kofiani mwake, akaufunga uma kamba taji likiwa juu, akauning'iniza tawini na kuugonga kwa kishikizo cha bisibisi. Ukalia mlio mrefu, safi, kama kengele ya shule iliyo mbali. Uma wenye ufa, alisema, hukohoa. Akatia tochi ndani ya shina, akalikwangua kwa waya mpaka kutu nyepesi ikaisha na chuma cheupe kikaonekana, akanipa niangalie mwenyewe. Uzi wa magunia ulisema inchi 3 kasoro kidogo. Nati ya mjomba iliingia kwa vidole viwili, bila spana, mpaka mwisho wa hesi.

Nilishauriwa niupake rangi nyeusi ufanane na fremu, nikakataa. Baiskeli ya mjomba sasa ni nyeusi yenye miguu ya kijani, na watoto wa mtaani wameiita kasuku. Siku nilipokwenda kuichukua nilimlipa mzee haki yake, na nilipotaka kukiokota kile kipande cha shina kilichovunjika, nikiweke kabatini kama kumbukumbu, nikakuta hakipo. Alikuwa amekikata kwa msumeno juu ya kovu, amekisugua kwa mafuta ya taa mpaka hesi zake 26 zikang'aa kila moja peke yake, na amekitundika kwa waya penye msumari wa mwembe, juu ya sanduku la spana. Kijana mmoja aliyekuja na Raleigh ya babu yake alikuwa amesimama pale na nati mkononi, akiijaribu.